Hodi Katika Jino

Mafubira, Jinja
4 Februari 2024

Mpwa wangu Nusifa, mwana wa dada yangu,

Assalaam alaykum. Anayekuandikia ni mimi Waiswa Kirunda, umri miaka sabini na saba. Nimezika wake wawiri. Nimekizika kiwanda cha nguo kilichonipa kazi baada ya jeshi. Daraja la zamani la Nile limechoka, wamejenga jipya. Mimi sijachoka, na hakuna aliyejenga Waiswa mpya. Pacha wangu Tenywa, aliyeruka mwaka wa vita, nimeishi kumpita miaka alobaini na tano. Na meno yangu yote yamo kinywani, hakuna daktali aliyewahi kutia chuma humo. Andika hayo mahali, watoto wako wasome.

Habali za Mbale? Habali za mama yako Namukose na magoti yake? Mwambie kaka yake bado anapanda mfenesi mwenyewe. Hapa Mafubira mvua imechelewa, mahindi yamekunja majani kama mtu aliyekunja mikono akikungoja useme. Mbuzi amezaa. Mwadhini wetu mpya ana sauti tamu lakini anakohoa katikati, mpaka unajiuliza kama swala imeahirishwa.

Umemtuma mtu aniulize kwa nini sishiki simu. Simu ni nzima, ina chaji. Shida ni kwamba nikiiweka shavuni, upande wa kulia, jino la nyuma linaitika kabla yangu. Ndiyo maana nakupa balua kwa mkono wa Owino, yule Mkenya anayebeba mchele wa kiwanda chenu. Mkenya, lakini mwaminifu.

Jino hiri haliumi kama meno ya watu. Linagonga. Linagonga tatu, linanyamaza, linagonga tatu tena, kama mtu mwenye adabu mlangoni. Askali hahangaiki kwa jino. Nimekuambia ujue tu, usije ukasema mjomba alificha. Siku hizi siri. Hayo tu.

Mjomba wako,
Waiswa Kirunda, sajini mstaafu


Mbale, Industrial Division
17 Februari 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Waalaykum salaam. Sisi sote wazima. Mume wangu Magid amepata kazi ya kulinda stoo ya saruji, analala mchana na kukoroma kama kinu chetu cha mchele. Mama anasema magoti yake yanamsalimu, na kwamba ukianguka kutoka kwenye mfenesi asiitwe, kwa sababu alikukataza tangu ukiwa mtoto.

Mjomba, r na l zako bado zinabadilishana viti. "Balua" nimeizoea, "daktali" nimemzoea. Lakini mwisho wa barua umeandika "siku hizi siri." Siri gani? Nilikuwa namsomea mama, naye anachambua mchele. Mkono wake ukasimama ndani ya ungo. Akaniambia nisome tena pale. Nikasoma. Mchele ule alikuja kuumaliza Magid. Kuna nini? Umeoa?

Kuhusu jino. Karibu na kiwanda kuna kliniki ya meno, daktari wake anaitwa Shadiah. Ni kijana, lakini mikono yake mitulivu. Nilimweleza habari ya kugonga. Akasema huo ni usaha unaotafuta pa kutokea, na unagonga pamoja na moyo. Njia ni mbili. Kung'oa, ambako ni rahisi kwa bei. Au kutibu mzizi: anatoboa jino kwa juu, anatoa mshipa uliooza, anasafisha vijia vya mzizi mpaka chini kabisa, anavijaza, kisha anafunga kwa saruji ya meno. Jino linabaki mahali pake, ila limekufa. Halihisi tena kitu.

Njia hiyo ya pili ni ghali, Mjomba. Ni mbuzi wako, na mwanawe, na wengine ambao huna. Lakini zamu yangu ya nigiina, kile kikundi chetu cha akina mama cha kuchangiana, inafika baada ya Idd. Nilikusudia cherehani. Cherehani inajua kungoja, usaha haujui.

Nijibu ni ipi. Na hiyo siri, niambie.

Mpwa wako,
Nusifa


Mafubira, Jinja
3 Machi 2024

Nusi,

Salaam. Mvua imenyesha siku moja ikaona haya ikaondoka. Mtoto wa mbuzi anaruka juu ya kila kitu, hata juu yangu. Mimi mzima kuliko vijana wa mtaa huu, jana nimembebea jirani gunia lake mpaka balabalani na hakunishukuru.

Sasa sikia. Nimesema SIRI, si siri! Siri ugali. Siri nyama. Siri hata muhogo uliochemshwa ukalegea. Mtu mwenye jino bovu anakula nini? Siri! Nyinyi wasomi mnatazama herufi badala ya kumsikia mtu. Umeoa, umeoa! Nioe na nini, na uji? Na mama yako naye aendelee na ungo wake. Hakuna siri hapa.

Kung'oa, hapana. Nimefika umri huu na meno yote, nikapunguzwe na mtoto wa juzi? Kutia dawa ya kuua mshipa, hapana pia. Niriposoma "limekufa" nilicheka peke yangu, kuku wakanitazama. Umesahau kwenu, mtoto wa Kisoga? Pacha hafi. Mapacha kwetu ni wa kuruka, ameruka, ndivyo tunavyosema, na mtu akikosea akasema amekufa anapigwa jicho na ukoo mzima. Basi huyo Shadiah anataka kuua nini katika kinywa cha pacha? Amemwuliza aliyemo?

Nikuambie jambo dogo. Juzi, mchana kweupe, nilikuwa balazani naambua maharage. Jino likagonga tatu. Kwa mazoea tu, mikono imejaa maganda, kinywa changu kikasema, "Kalibu." Nusi, likaacha kugonga. Papo hapo. Nilikaa nikingoja ligonge tena mpaka upepo ukachukua maganda yote mapajani. Kimya. Ni kama mlango umefunguliwa na mtu ameketi.

Tangu hapo nakunywa uji kwa upande wa kushoto, na upande wa kulia ndio unaoshiba.

Kwa hiyo nimepona. Nunua cherehani.

Mjomba wako,
Waiswa Kirunda, sajini mstaafu


Mbale, Industrial Division
15 Machi 2024

Mjomba wangu,

Ramadhani karimu. Tumeanza salama, ingawa Magid anasema funga ya mlinzi ni ngumu kwa sababu jirani wa lindo anachoma mahindi jioni yote. Mama hafungi tena, umri umemruhusu, lakini anakaa nasi wakati wa kufuturu na kutuharakisha.

Owino alipoleta barua yako alisimama mlangoni. Hakutaka kuketi wala hakutaka maji. Akasema, "Dada Nusifa, wazee wako wanakusalimu. Yule mwenye shavu lililovimba, na yule mwingine."

Nikamwuliza, "Mwingine yupi?"

"Si yule pacha wake? Alikuwa ndani, upande wa dirisha. Nilimpigia hodi akaitika vizuri kabisa, Kiswahili safi cha kwetu Kisumu. Nikamwambia, mzee, wewe ni mtu wa nyumbani! Akacheka. Lakini huyo mwenye shavu mpelekeni hospitali, jicho linafunga."

Nilitaka kumwambia kwamba mjomba wangu anaishi peke yake. Sikumwambia. Owino anaendesha usiku na mchana, sikutaka apande gari na neno kama hilo.

Mama alikuwa amesikia. Alivuta leso akajifunika uso, nikadhani analia. Hakikuwa kilio. Alikuwa anafikiri. Kisha akasema, "Usimwulize mgeni ni nani. Mwulize anakula nini." Akainuka akaenda jikoni.

Mjomba, kuvimba si kupona. Nilirudi kwa daktari Shadiah nikamweleza. Akasema maumivu yakiondoka ghafla na shavu likipanda, usaha umepata njia, na njia yake ni kushuka shingoni kuziba pumzi. Alisema njoo hata kesho. Fedha tutazitafuta.

Nakusihi. Na huyo aliye dirishani, kama ni mgeni, msalimie. Kama si mgeni, usinijibu.

Nusifa


Mafubira, Jinja
27 Machi 2024

Nusi,

Lamadhani kalimu nawe. Mwambie Owino apunguze njaa ya Kwalesima yao, inamwonyesha watu. Aliona kioo cha kabati. Hakuna mgeni hapa.

Uvimbe ni nyama. Nimenenepa upande mmoja. Na kufungua kinywa mchana wa Lamadhani mtu atie madawa, hapana, tumefunga wote.

Fedha za akina mama sizitaki. Mwanaume wa jeshi hatibiwi kwa nigiina. Ikifika siku ya kutibiwa nitajitibu mwenyewe, na ndiyo maana niliuza baiskeli ya Tenywa, ile iliyoning'inia dalini tangu alipoiacha. Jude fundi aliichukua asubuhi. Jua halijakaa utosini nikamwona anakuja nayo, anaisukuma, hakuipanda. Akasema, "Mzee, chukua kitu chako. Kila nikikaa juu yake kengele inalia. Tatu, inanyamaza, tatu." Nikamwambia, Jude, kengele hiyo haina kifuniko miaka mingapi, italiaje? Akasema, "Ndicho ninachokuuliza mimi." Nikamludishia fedha zake. Vijana wa siku hizi wanaogopa hata kutu.

Basi fedha hakuna. Lakini jino nalo halisemi kitu kibaya, tunaelewana.

Mama yako asikujaze methali.

Waiswa Kirunda, sajini mstaafu


Mbale, Industrial Division
22 Aprili 2024

Mjomba wangu,

Alhamdulillahi umefika kwako salama, Owino ameniambia. Anasema kurudi hukumtukana sana. Wakati wa kuja ulimtukana kutoka Jinja, njia nzima ya Tirinyi, mpaka mlangoni kwa daktari, nami nilifurahi kila tusi, maana siku ile ya pili ya Idd nilipokukuta barazani shingo imejaa na jicho limefunga, nilidhani nimekuja kukuosha. Na wewe ukaniambia unapumzika!

Dawa za usaha endelea nazo mpaka ziishe. Usimpe mbuzi.

Sasa lile sikukuambia kliniki. Ulikuwa unawaeleza wagonjwa wengine jinsi ulivyovuka mto na redio ya jeshi kichwani, nikaona nisikuharibie. Daktari Shadiah aliniita pembeni, akanionyesha ile picha ya jino aliyopiga. "Mzee wako alishatibiwa mzizi huu," akasema. "Tazama hizi nyuzi nyeupe ndani. Ni kijazio. Kazi ya zamani sana, hakuna anayetumia vitu hivi siku hizi."

Nikamwambia mjomba wangu hajawahi kukaa kiti cha daktari wa meno, anajisifu kwa hilo kwenye kila barua.

"Picha haijisifu," akasema.

Nilirudi nyumbani nikamwuliza mama. Alisogeza kikombe chake cha chai pembeni. Akasema, "Waiswa hajatiwa kitu kinywani. Aliyetiwa ni Tenywa. Alitibiwa huko Kisumu alipokuwa kazi ya reli. Jino la nyuma, la kulia. Alirudi kwetu na jino hilo, na baiskeli, na ulimi ulionyooka. Sura zao zilikuwa moja, hata mama yetu aliwachanganya. Sisi tuliwajua kwa ulimi tu. Waiswa alisema balua, Tenywa alisema barua."

Mjomba, jino la Tenywa limefikaje kinywani mwako?

Daktari anasema kile kijazio cha zamani kimeachia na uchafu umekaa chini yake. Uvimbe umelala, haujatoka. Ukiamka utashuka tena shingoni, na mara hiyo hakutakuwa na Idd ya kunileta. Nimepokea nigiina yangu, nimeshalipa nusu. Uamuzi ni wako: afungue asafishe, au ang'oe, au nije kukuzika. Hilo la tatu silichangii.

Mpwa wako,
Nusifa


Mafubira, Jinja
8 Mei 2024

Nusi mwana wa dada yangu,

Habali za huko. Hapa mvua imekuja kweri kweri, mahindi yamenifika kifuani. Mtoto wa mbuzi sasa ana pembe na kiburi.

Umelipa bila luhusa. Jeshini ungefungwa. Lakini umeshalipa, na mimi siyo mtu wa kuacha vitu vilivyolipiwa.

Unaniuliza jino limefikaje? Unaniuliza mimi! Ulimi unayajua meno kama mwenye duka anavyoyajua makopo yake, hata taa ikizimika. Tangu siku niriposema kalibu, ulimi ukifika pale unakuta kopo si langu. Sikukuandikia. Ungesema mjomba amezeeka.

Sasa nisome vizuri, maana sitaandika mala mbiri. Tenywa aliondoka asubuhi kwenda sokoni Jinja, vita viko njiani, tairi imetoboka, akaiacha baiskeli ukutani. Hakuna aliyemwona tena. Hakuna aliyeleta hata kiatu. Tukasema ameruka, tukanyamaza, ndiyo desturi. Lakini aliyeruka hana kaburi. Mtu asiye na kaburi anakaa wapi? Miaka yote hiyo sikujiuliza. Nilikula nikashiba. Sasa amepata pa kukaa, na anasema kuna balidi. Nikiwa na maji kinywani namsikia vizuri zaidi. Anaongea Kiswahili chake cha Kisumu, kile cha kunichekea.

Nimemwuliza, daktali afungue? Akasema, "Afungue. Mlango ukifunguliwa, mmoja atatoka." Hayo ndiyo maneno yake, sikuongeza.

Basi nitakuja. Siyo kwa kuogopa shingo. Shingo hii imebeba masanduku ya risasi. Nakuja ili ndugu yangu atoke, aende wanakokwenda walioruka. Mwambie Shadiah afungue polepole, na akishafungua asiwe na halaka ya kufunga. Angoje kwanza. Nitavaa kofia yangu ya jeshi.

Na baada ya hapo, nitakula! Miezi siri, Nusi. Suluali inashikwa na kamba. Mwambie mama yako apike wali, na nyama yenye mfupa, nitafune pande zote mbiri mpaka majirani waje kuuliza.

Mjomba wako,
Waiswa Kirunda, sajini mstaafu


Mbale, Industrial Division
10 Juni 2024

Mjomba,

Assalaam alaykum. Sisi wazima. Idd ya kuchinja inakaribia, Magid ameahidiwa mguu wa mbuzi na mwenye stoo, lakini ahadi ya mwenye stoo naijua.

Nimeianza barua hii mara nyingi. Nataka tukumbuke pamoja siku ile, halafu uniambie kama nakumbuka vibaya.

Daktari alikutia ganzi, akatoboa jino, akaanza kukivuta kile kijazio cha zamani. Harufu ikatoka. Mimi nilitegemea harufu ya kuoza. Ilikuwa makaa ya mawe na chuma kilichosuguana, kama stesheni treni inapofika. Daktari aliinua kichwa akatazama dirisha. Dirisha lilikuwa limefungwa. Ukainua kiganja, kama ulivyoagiza, angoje. Tukangoja. Feni ilikuwa inazunguka, na nje watu wanapatana bei ya nyanya. Kisha kiganja kikashuka taratibu, nikadhani, alhamdulillahi, ametoka.

Akasafisha, akajaza. Alipoanza kufunga kwa ile saruji, mkono wako ukagonga kiti. Tatu. Ukanyamaza. Tatu. Akakuuliza, "Mzee, unaumia? Nisimame?" Ukatikisa kichwa kumkataza. Akaendelea, nawe ukazidi kugonga, kwa nguvu mpaka kofia ikaanguka. Akauliza tena. Kichwa kikakataa tena. Mkono uligonga mpaka saruji ikakauka, ndipo ukalegea.

Mjomba, sijalala vizuri tangu siku ile. Mkono ulikuwa unaita na kichwa kilikuwa kinakataa. Na sisi tulikisikiliza kichwa.

Ulipotoka nje ulisimama ukasoma kibao cha barabara kwa sauti, neno kwa neno, kama mtu aliyefurahi kuona maandishi. Kofia hukuiulizia, ninayo hapa. Jioni ganzi ilipoisha mama akapakua. Ulikula vyote, ukaivunja mifupa. Kisha ukasema, "Asante dada, chakula kizuri." Maisha yangu yote sijakusikia ukimshukuru mama kwa chakula. Huwa unamwambia chumvi.

Ulipoaga hakukupa mkono, uliona. Alisema unga umemshika vidole. Hapakuwa na unga.

Deni la kliniki nimelimaliza. Sijuti fedha. Ila mama amenituma swali moja tu, na anataka ulijibu kwa mkono wako mwenyewe, kwa wino, siyo kwa kinywa cha Owino: Siku hizi unakula?

Mpwa wako,
Nusifa


Mafubira, Jinja
2 Julai 2024

Mpwa wangu Nusifa,

Assalaam alaykum. Anayekuandikia ni mjomba wako, umri miaka sabini na saba. Nimeona wake wawili wakizikwa, kiwanda cha nguo kikifungwa, daraja la zamani likipumzishwa, na pacha wangu akiruka. Mimi nipo, na meno yangu yote yamo.

Habari za Mbale? Habari za dada yangu? Hapa mavuno ni mazuri. Idd nimechinja yule mbuzi mdogo mwenye kiburi. Mama yake nimemuuza, fedha zake Owino atakukabidhi pamoja na barua hii. Ongeza ununue ile cherehani. Baiskeli nimeishusha darini, nimeziba tairi, na kila asubuhi naipanda mpaka sokoni Jinja na kurudi. Jude ameiona inapita akakimbilia ndani ya kibanda chake. Kengele ni kimya.

Nimeipata barua yako na nimeisoma bila kusita. Mwambie dada hivi, kwa wino: nakula. Nakula kushoto na kulia. Sidhani Mafubira nzima kuna mtu anayekula kama mimi. Nina njaa ya miaka mingi. Fenesi zima nilimaliza peke yangu nikiwa barazani, na suruali sasa haihitaji kamba. Kofia ile kaa nayo, hainitoshi vizuri.

Kuna jambo moja nakuandikia ili usije ukasema mjomba alificha. Jino halijanyamaza kabisa. Haligongi, la, mlango umefungwa kwa saruji, ataugonga nani? Lakini nikitafuna, hasa nyama, namsikia mtu kwa ndani, mbali, sauti ya mzee mwenye hasira. Anarudia neno moja. "Siri," anasema. "Siri, siri, siri." Nimemwuliza, mzee, ni siri gani? Hanielezi. Kadiri ninavyokula ndivyo anavyozidisha, na nikishiba analia.

Usimsumbue daktari kwa hilo. Kazi yake ni safi, maumivu hakuna, na sitaki jino lifunguliwe tena.

Akitokea mtu wa kusema habari hii ni ya uongo, mashahidi wapo. Yupo Owino, aliyetukuta wawili na sasa anamsalimu mmoja, kwa Kiswahili cha nyumbani. Yupo Shadiah, aliyeuliza mara mbili kabla ya kufunga, akajibiwa. Yupo dada yangu Namukose, aliyeninyima mkono. Wa nne yumo humu humu, na angesema zaidi ya wote, lakini kalamu ninayo mimi.

Mjomba wako,
yule yule